Umejuaje? Kazi Tatu za Ubunifu za Mwanafunzi wa Historia ya Kanada



Mada hii inamhusu binti mmoja, mwanafunzi wa darasa la 11 katika jiji la Winnipeg, jimbo la Manitoba, ambako ninafundisha Historia. Alizaliwa Kivu ya Kusini, akakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, akaingia Kanada na Kiswahili safi, Kifaransa cha kubabaisha na Kiingereza cha kuokoteza. Yeye na wazazi wake wameniruhusu nizungumzie kazi zake. Jina lake nimeliacha kwao.

Mmeniita kwenye semina hii, walimu wenzangu, kwa sababu somo la Historia ya Tanzania na Maadili sasa linafundishwa kwa Kiswahili, na wengi wenu mnatafuta njia ya kuwatoa wanafunzi kwenye kukariri tarehe. Utenzi, mchoro na igizo vinatajwa sana kama dawa. Nami ninaviunga mkono, ila kwa sharti moja ambalo ndilo hoja yangu yote leo: kazi ya ubunifu katika somo la historia ipimwe kwanza kwa ushahidi inaoubeba. Mwalimu asiyemuuliza mtunzi "umejuaje?" amekwisha kuhama somo, na kwa uzoefu wangu hata sanaa anayoipata huwa legelege.

Historia yenyewe

Manitoba, Historia ya Kanada ni somo la lazima katika darasa la 11. Kwa miaka mingi vitabu vya nchi ile vilianza na Wafaransa na Waingereza, vikapita kwenye reli na kuishia kwenye vita kuu mbili za dunia. Wenyeji wa asili walitokea mwanzoni wakiuza ngozi za wanyama, kisha wakapotea kurasani.

Kilichopotea pamoja nao ni habari ya shule za bweni. Kuanzia miaka ya 1880 serikali ya Kanada, ikishirikiana na makanisa, iliwachukua watoto wa Wenyeji na kuwaweka kwenye shule zilizokusudiwa kuwaondolea lugha na desturi za kwao. Marekebisho ya sheria ya mwaka 1920 yaliipa serikali nguvu ya kuwalazimisha wazazi. Watoto wapatao 150,000 walipitia humo, na shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Kituo cha Taifa cha Ukweli na Maridhiano, ambacho kiko hapo hapo Winnipeg, kimeorodhesha watoto zaidi ya 4,000 waliofariki. Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Jaji Murray Sinclair, Mwenyeji wa jamii ya Waanishinaabe wa Manitoba, ilitoa miito 94 ya utekelezaji. Wito wa 62 unataka habari za shule hizo na za mikataba ya ardhi zifundishwe kuanzia chekechea hadi darasa la 12.

Ubunifu haukungoja tume. Mwaka 2007 mwalimu Sylvia Smith wa Ottawa na wanafunzi wake hawakuridhika na mistari michache waliyoikuta kitabuni, wakaanzisha mradi wa Project of Heart: kila mwanafunzi anapamba kigae kidogo cha mbao kwa kumkumbuka mtoto mmoja aliyefariki. Shule nyingi ziliufuata mfano huo. Mwaka 2016 mwanamuziki Gord Downie na mchoraji Jeff Lemire walitoa Secret Path, nyimbo na kitabu cha picha kuhusu kijana aliyetoroka shule ya bweni. Kwa hiyo mwalimu wa Kanada leo hana uhaba wa vielelezo. Hatari yake iko upande wa pili, kwamba machozi huja upesi kuliko maarifa. Mwanafunzi anaweza kuchora kipepeo mzuri kwa ajili ya mtoto aliyekufa bila kuweza kutaja shule hata moja wala mwaka hata mmoja.

Utenzi wa njia ya reli

Kijana wa Secret Path ni Chanie Wenjack. Mwanafunzi wangu alichagua kumtungia utenzi kwa Kiswahili, akiahidi kunipa tafsiri, na hakujua kwamba tafsiri sitaihitaji. Alikuwa na sikio la mizani tangu rasimu ya kwanza. Sikilizeni ubeti huu:

Reli ndefu, njaa kali,
Nyumbani bado ni mbali,
Na baridi haijali,
Mtoto anatembea.

Mizani minane kila mstari, vina vimekaa, na kila neno lina kazi. Lakini beti zilizofuata zilikuwa na mbwa mwitu wakimzunguka Chanie usiku, na Chanie akiimba wimbo wa mama yake. Nikamuuliza amejuaje. Akanijibu, "Mwalimu, si utenzi tu huu?"

Jibu hilo lilinigusa pabaya, maana sisi Waswahili tuna sababu ya kulikataa. Hemedi bin Abdallah alipotunga habari za Wadachi kuitwaa Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini alipotunga habari za Maji Maji, walikuwa wanaandika taarifa. Baadhi ya wasomaji na wasikilizaji wao walikuwapo kwenye matukio hayo, na mtunzi angeongopa angeumbuliwa barazani. Utenzi kwetu umebeba historia kabla ya vyuo vikuu kufika. Nilimpa majina hayo mawili, nikamrudisha maktaba.

Alirudi na mambo yanayojulikana. Chanie alikuwa na umri wa miaka 12. Oktoba 1966 alitoroka shule ya Cecilia Jeffrey iliyoko Kenora, Ontario, akiwa na wenzake wawili. Kwao Ogoki Post palikuwa umbali wa kilomita 600 hivi. Alipobaki peke yake alifuata reli, amevaa koti jepesi, na katika chupa ya kioo alikuwa na njiti chache za kiberiti. Maiti yake ilikutwa kando ya reli Oktoba 23. Walimu walikuwa wakimwita Charlie. Hata jina lake hawakulipata sawasawa. Mengi ya haya tunayajua kwa sababu palifanyika uchunguzi wa kifo chake, na mwandishi Ian Adams akayaeleza katika gazeti la Maclean's mwaka 1967.

Mbwa mwitu wakaondoka, njiti za kiberiti zikaingia. Palipokuwa na wimbo wa mama, binti yule aliweka mistari minne ya nukta tupu. Katika karatasi ya maelezo inayoambatana na kazi yake aliandika kwamba saa zile Chanie alikuwa peke yake, hapakuwa na shahidi, naye hana haki ya kuzijaza. Alipousoma utenzi mbele ya darasa, alipofika hapo alinyamaza kwa muda wa kusoma ubeti mzima, kisha akaendelea. Sijapata insha iliyoeleza mpaka wa ushahidi vizuri kiasi hicho.

Majibizano

Kazi ya pili sitaikalia sana. Alitunga majibizano ya mashairi kati ya Louis Riel, kiongozi wa Wametisi (watu wenye asili ya Wenyeji na Wazungu) aliyenyongwa Regina Novemba 16, 1885, na Waziri Mkuu John A. Macdonald. Akayaweka Bungeni Ottawa. Wazo hilo lilikuwa na akili kubwa, kwa sababu Riel alichaguliwa mara 3 kuwa mbunge katika miaka ya 1870 na hakupata kukalia kiti chake. Mjadala alioutunga msichana huyu ndio hasa ambao historia iliunyima nafasi.

Utekelezaji ulipwaya. Macdonald wake alinguruma kama zimwi la hadithini. Nilimpeleka kwenye kumbukumbu za Bunge za mwaka 1883, ambako Macdonald anatetea kuwatenga watoto wa Wenyeji na wazazi wao. Anazungumza kwa utulivu, kama mtu anayepanga bajeti. Huo utulivu ndio unaotisha, na haukuwamo katika mashairi. Riel naye alihutubia mahakama kwa kirefu na maneno yake yakanakiliwa, lakini mtunzi alilazimisha vina mpaka akamfanya Riel adai mambo asiyoyadai. Muyaka na washairi wa Lamu waliweza kujibizana kwa sababu kila upande uliyajua maneno ya mwenzake. Hapa palihitajika kusoma zaidi kabla ya kutunga. Nilimpa alama za wastani na hakulalamika.

Kadi mbili

Kazi ya tatu ndiyo iliyonifanya nikubali kuja kwenye semina hii.

Winnipeg iko ndani ya eneo la Mkataba wa Kwanza, uliotiwa saini Agosti 3, 1871 katika ngome ya Lower Fort Garry, kati ya wawakilishi wa Malkia wa Uingereza na viongozi wa Waanishinaabe na Wakree. Karatasi inasema kila familia ya watu watano itengewe ekari 160, na kila mtu alipwe dola 3 kwa mwaka. Viongozi wa Wenyeji walilalamika mara moja kwamba ahadi nyingi walizopewa kwa mdomo hazikuandikwa. Mwaka 1875 serikali ilikiri baadhi yake na kupandisha malipo hadi dola 5. Dola 5 hizo zinalipwa mpaka leo, kila mwaka, bila kuongezwa senti.

Binti yule alitengeneza kadi mbili za manila. Ya kwanza ni kadi ya mgao wa chakula, kwa mfano wa zile alizozijua Nyarugusu, yenye namba ya familia na matundu yanayotobolewa siku ya mgao. Ya pili ni kadi ya mkataba, na aliitoboa tundu moja kwa kila mwaka tangu 1875, hadi ikabaki kama wavu, ukiishika vibaya inachanika.

Nilihofu ulinganisho wa haraka, kwamba mkimbizi na Mwenyeji wote wanapewa posho na serikali. Nikamuuliza kama ndicho anachosema. Karatasi yake ya maelezo ilikuwa imeshanitangulia. Aliandika kwamba kadi ya kwanza hupewa mtu aliyepoteza mahali pake, na anayetoa anaitwa mfadhili. Kadi ya pili ni ya mwenye mahali, na anayetoa ni mdaiwa. Kwa mkono wa mpokeaji zinafanana. Kwa sheria ni vitu viwili tofauti kabisa.

Halafu akaenda hatua ambayo sikuitarajia. Wito wa 94 wa Tume, ambao ni wa mwisho, ulitaka kiapo cha uraia kiitaje mikataba na Wenyeji wa asili. Sheria ya kubadili kiapo ilipitishwa Juni 2021. Mama yake alikula kiapo hicho kipya. Binti alipata nakala ya kiapo, akaibana kwa pini nyuma ya kadi ya pili. Maana yake ni kwamba familia ya wakimbizi, iliyokuwa upande wa kupokea Kasulu, imehamia Winnipeg upande wa wanaodaiwa. Manitoba kuna usemi kwamba sote ni watu wa mkataba. Nimeusikia ukisemwa kwenye mikutano hadi umechuja. Katika kadi ile ulirudi kuwa na uzito.

Tulimwalika mzee wa Kianishinaabe darasani. Aliitazama kadi kwa muda, akasema hakubali kwamba ardhi iliuzwa na kwamba dola 5 ni bei yake. Kwa mapokeo ya kwao walikubali kuitumia ardhi pamoja na wageni, na malipo ya kila mwaka ni ishara kwamba makubaliano bado yako hai. Binti hakuifuta kadi yake wala hakubishana na mzee. Aliongeza karatasi ya tatu, akayaandika maneno ya mzee pamoja na tarehe na mahali yaliposemwa. Mtazamaji sasa anakutana na maandishi ya serikali, ahadi za mdomo na mapokeo ya wazee, na inambidi aamue mwenyewe.

Namna ya kusahihisha

Kila kazi ya ubunifu darasani kwangu inakuja na karatasi ya maelezo. Mwanafunzi anaeleza kila kitu alichokiweka kimetoka wapi, na wapi amebuni kwa makusudi. Nusu ya alama ziko hapo. Nimesaidiwa sana na kazi ya Profesa Peter Seixas, aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha British Columbia, kuhusu fikra za kihistoria, hasa msisitizo wake juu ya ushahidi na juu ya kuwaelewa watu wa kale kwa mazingira yao wenyewe.

Kitu kimoja nimekipiga marufuku: wanafunzi kuigiza watoto wakinyakuliwa kutoka kwa wazazi wao. Darasani wamo wajukuu wa waliopitia shule zile, na wamo waliokimbia vita wakiwa na umri wa kukumbuka. Hakuna alama inayostahili kutafutwa kwa njia hiyo.

Najua mtasema darasa la wanafunzi 80 haliruhusu haya, na mtihani wa taifa hauulizi utenzi. Hoja ya mtihani sina dawa yake. Hoja ya wingi ninayo: ombeni ubeti mmoja na mistari mitatu ya maelezo. Kusahihisha ubeti kunachukua muda mfupi kuliko insha, na udanganyifu unaonekana mapema zaidi.

Na kwa walimu mliotoka Manyara nina ombi mahususi. Historia ya Kanada iko mlangoni kwenu. Mashamba makubwa ya ngano ya Hanang, yaliyoendeshwa kwa ufadhili wa Kanada kuanzia miaka ya 1970, yalilimwa katika malisho ya Wabarabaig, na Wabarabaig walikwenda mahakamani kuyadai. Wazee wanaokumbuka wapo. Wapelekeni wanafunzi wakawasikilize, watunge, na kila ubeti mrudi nao semina ijayo ukiwa na karatasi yake ya maelezo.