Swingi na Kuputi kwa Wachezaji wa Kulipwa: Tupime Kwanza, Ndipo Turekebishe

Mada kwa semina ya walimu wa gofu

1. Utangulizi



Mchezaji wa kulipwa akikosa shimo la karibu, watazamaji husema gofu huamuliwa kwenye grini. Akipiga draiva ya mita 300, haohao husema siri iko kwenye swingi. Sisi tunaofundisha hatuna ruhusa ya kuyumba hivyo. Muda wa mazoezi ni mchache, na kila saa tunayoipa swingi tunainyima kuputi. Msimamo wangu ni huu: swingi humjengea mchezaji kiwango cha msimu mzima, kuputi humpa wiki ya ushindi, na mwalimu asiguse chochote kabla ya kuvipima vyote viwili.

2. Takwimu zinasema nini

Kwa miaka mingi uhodari wa kuputi ulipimwa kwa kuhesabu mikwaju ya kwenye grini. Hesabu hiyo hupotosha. Aliyekosa grini, kisha akachipu mpira hadi sentimita 50 kutoka shimoni, huputi mara moja tu. Aliyefika grini moja kwa moja akabaki mita 12 mbali, huputi mara mbili, na huenda yeye ndiye aliyeputi vizuri zaidi.

Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alitatua tatizo hilo kwa kulinganisha kila mkwaju na wastani wa wachezaji wa kulipwa kutoka umbali uleule. PGA Tour ilianza kutumia kipimo hicho kwa kuputi mwaka 2011. Kutoka futi 8, yaani kama mita 2.4, wachezaji hao huingiza karibu nusu ya mipira, kwa hiyo wastani wao ni mikwaju 1.5. Anayeingiza kwa mkwaju mmoja amejipatia nusu mkwaju. Anayehitaji miwili amepoteza nusu.

Broadie alipochambua kilichowatofautisha wachezaji bora na wenzao wa kawaida, kuputi kulichangia takriban 15% tu, huku mikwaju ya mbali ikichangia kama thuluthi mbili. Lakini katika wiki ambazo wachezaji walitwaa mataji, mchango wa kuputi ulipanda hadi takriban 35%.

3. Fimbo inapogusa mpira

Swingi bora haina sura moja. Fimbo ya Jim Furyk hufanya kitanzi hewani ambacho walimu wengi wangekimbilia kukiondoa, lakini ndiye aliyepiga raundi ya mikwaju 58 mwaka 2016, ndogo kuliko zote katika historia ya PGA Tour. Scottie Scheffler naye, anapopiga, mguu wake wa kulia huteleza kurudi nyuma. Wote wawili huufikisha uso wa fimbo kwenye mpira ukiwa umeelekea panapotakiwa, na mguso wenyewe huchukua kama nusu ya elfu moja ya sekunde.

Kuputi ni polepole zaidi, ila kosa dogo halisameheki. Shimo lina upana wa milimita 108. Kwenye grini tambarare, mpira wa futi 8 ukianza nje ya mstari kwa zaidi ya nyuzi 1.3 hivi, hauingii. Draiva ya mita 250 iliyokosea nyuzi 1, bila mpira kupinda, hutoka kwenye mstari kwa mita 4 na kidogo, na mchezaji bado yuko pazuri.

4. Mfano wa Scheffler

Mwaka 2023 Scheffler aliongoza PGA Tour kwa mikwaju ya kuanzia tii hadi grini, lakini kwa kuputi alikuwa wa 162. Hakuigusa swingi iliyokuwa ikimpa nafasi kila wiki. Alianza kufanya kazi na Phil Kenyon, mwalimu wa kuputi, na Machi 2024 akabadili fimbo, akachukua yenye kichwa kipana. Wiki hiyohiyo alishinda shindano la Bay Hill, wiki iliyofuata akashinda Players, na Aprili akatwaa Masters. Alimaliza msimu akiwa na mataji saba ya PGA Tour, pamoja na dhahabu ya Olimpiki ya Paris. Kwa kuputi alikuwa wa 77 tu. Kwa swingi ya namna ile, kuputi kwa kiwango cha kawaida kulitosha.

5. Mapendekezo

Kwanza, tuandike umbali wa kila puti ya mwanafunzi, si idadi ya puti peke yake. Pili, tusibadili swingi kwa sababu ya sura yake ikiwa mpira unakwenda unakotakiwa. Tatu, kwenye kuputi tutenganishe mambo matatu: kusoma mteremko, kuanzisha mpira kwenye mstari, na kasi. Anayesoma vibaya hasaidiwi na fimbo mpya.

Naomba kila mwalimu aliyemo humu akusanye takwimu za raundi kumi za mwanafunzi mmoja kabla ya kumbadilishia chochote. Tukifanya hivyo, semina ijayo tutajadili wachezaji wetu wenyewe kwa ushahidi, na wao watafundishwa kile wanachokihitaji kweli.