Fundi wa Mashine za Hospitali Naye Humponya Mtoto Wako

Mimi ni muuguzi wa jamii hapa Kimilili.

Mara nyingi tunazungumza juu ya chanjo, vyandarua na uji wa wimbi. Leo nataka tuzungumze juu ya mtu ambaye labda hujawahi kumwona ukienda hospitali, ingawa kazi yake imekwisha kumgusa mtoto wako. Mtu huyo ni fundi wa vifaa vya matibabu.

Hebu kumbuka siku uliyompeleka mtoto kliniki. Alipimwa kwa mizani. Chanjo yake ilitolewa kwenye friji ambayo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Kama alizaliwa kabla ya wakati, huenda alilazwa kwenye mashine ya kumpasha joto. Ni nani huhakikisha kwamba mizani inasema kweli, friji haijapata joto, na mashine haimchomi mtoto? Ni fundi huyo. Mizani ikidanganya, hata kipimo cha dawa kitakosewa, kwa sababu dawa ya mtoto hupimwa kulingana na uzito wake.

Sasa nikusimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nilipoanza kazi nilikuwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja jina. Usiku mmoja alikuja mama na mtoto wa miezi 7 aliyekuwa na nimonia. Kifua kilikuwa kinaingia ndani kila akivuta pumzi, na alikuwa hawezi kunyonya. Tulimwekea oksijeni kutoka kwa ile mashine inayowekwa sakafuni na kuchomekwa kwenye stima. Mashine ilinguruma vizuri. Maji kwenye chupa yake yalitoa mapovu. Lakini kile kipimo kinachobanwa kidoleni kilionyesha 83, na hakikupanda. Tunataka kipimo hicho kifike 90 au zaidi.

Tuliita gari la wagonjwa ili apelekwe hospitali kubwa. Mtoto yule alifariki njiani.

Miezi michache baadaye tuliletewa fundi mpya wa vifaa. Alifungua mashine ile, akatoa kichungi chake cha sponji. Kilikuwa kimeziba kwa vumbi na nyuzi za blanketi. Kisha akaingia stoo. Humo kulikuwa na mashine nyingine ya oksijeni iliyobandikwa karatasi yenye neno MBOVU. Akafungua plagi yake, akabadilisha fyuzi, ndogo kama ile iliyo ndani ya plagi ya pasi yako nyumbani. Mashine ikawaka. Alipoipima, ilikuwa inatoa oksijeni safi. Ilikuwa stoo usiku ule mtoto alipokuja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeipita mara nyingi na sikuuliza.

Siwezi kukuambia kwa hakika kwamba mtoto yule angepona. Alikuwa amechelewa kufika na alikuwa mgonjwa sana. Lakini hakupata nafasi aliyostahili. Tangu siku hiyo sijaiamini mashine kwa sababu tu inanguruma.

Mama, wewe unajua kisiagi. Chekeche ikitoboka, kisiagi hunguruma vilevile, lakini unga hutoka na chenga. Mashine ya oksijeni nayo ni hivyo. Hewa tunayovuta sote ina oksijeni kama sehemu 21 katika 100. Mashine huvuta hewa hiyo, huondoa naitrojeni, na kumpa mtoto hewa yenye oksijeni zaidi ya 90 katika 100. Oksijeni ikishuka chini ya 82, mashine hiyo haifai tena kwa mgonjwa hadi itengenezwe. Na bado itanguruma, na mapovu utayaona. Macho hayawezi kujua. Ni fundi mwenye kifaa cha kupimia ndiye anayejua.

Tatizo hili si letu peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba katika nchi zenye kipato cha chini, karibu vifaa 4 kati ya kila 10 vya hospitali vilikuwa havifanyi kazi. Lakini utafiti mwingine wa mwaka wa 2010, uliofanywa katika hospitali 60, ulitupa matumaini. Ulionyesha kwamba karibu thuluthi mbili ya vifaa vilivyokwama vingeweza kurudishwa kazini kwa ujuzi wa kawaida tu, bila kuagiza vipuri kutoka nchi za nje. Yaani fyuzi, waya, kichungi, usafi, na kumfundisha mhudumu jinsi ya kutumia kifaa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Labda unauliza, fundi huyu hujifunza wapi? Hapa Kenya, Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, hufundisha kazi hii katika kiwango cha stashahada. Basi ukiwa na binti au kijana anayependa kufungua redio na kuirudisha ikaimba, mwambie kuna kazi ya aina hiyo hospitalini. Mafundi hawa pia wana chama chao cha kitaifa kiitwacho AMEK, kinachowakutanisha wabadilishane maarifa.

Jambo hilo la kukutana si dogo. Katika hospitali nyingi za mashambani fundi ni mmoja tu, naye hutunza kila kitu, kuanzia taa ya chumba cha upasuaji hadi mizani ya kliniki. Hawezi kujua kila mashine iliyotoka kila nchi. Fundi yule niliyekusimulia alikuwa akikwama anampigia simu mwenzake wa kaunti nyingine, wanaelekezana waya kwa waya. Mara nyingi walichokosa ni kitabu cha mashine. Vifaa vingi, hasa vya msaada, hufika bila kitabu cha matengenezo. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, kampuni moja ya Marekani iitwayo iFixit ilikusanya maelfu ya vitabu hivyo na kuviweka kwenye intaneti ili mafundi wa hospitali wavisome bure. Fundi mwenye simu na kitabu anaweza kuitoa mashine stoo leo, badala ya kungoja mtaalamu kutoka Nairobi.

Sasa, mama, wewe ufanye nini? Usiiguse mashine wala kubadilisha kiasi cha hewa. Lakini wewe ndiwe unayekaa na mtoto usiku kucha. Macho yako yanasaidia sana. Shika mambo haya.

Kwanza, usiifunike mashine. Usianike leso wala nepi juu yake, na usiisukume ukutani. Iachie nafasi ya kama futi moja ipate kupumua. Ikikosa hewa, nayo haitampa mtoto hewa.

Pili, usichomoe mashine ili uchaji simu, hata kwa dakika moja. Tafadhali. Kuna mama aliyefanya hivyo bila kujua, na tulimkuta mtoto amebadilika rangi. Tulimwahi, tukashukuru Mungu.

Tatu, mashine ikilia, mwite muuguzi papo hapo. Usiizime kelele ili mtoto alale. Mwite pia ukiona midomo imekuwa ya samawati, kichwa kinatikisika kila akipumua, au mpira umetoka puani.

Nne, oksijeni husaidia moto kuwaka kwa nguvu. Usiwashe kiberiti, mshumaa wala sigara karibu nayo. Usimpake mtoto mafuta ya kujipaka puani wakati anapata oksijeni.

Tano, mtoto akipimwa, angalia kama mizani inasoma sufuri kabla hajawekwa. Ikiwa haisomi sufuri, sema.

Sita, uliza. Sema kwa heshima, "Sista, mashine hii ilikaguliwa lini?" Si utovu wa adabu. Hata mimi ningefurahi kuulizwa, kwa sababu swali hilo lingenifanya nimtafute fundi. Vifaa vingi hubandikwa karatasi ndogo yenye tarehe ya ukaguzi. Itazame.

Na kuna jambo la saba, la wakati ambapo mtoto ni mzima. Tangu mwaka wa 2013 hospitali zetu nyingi za umma ziko chini ya kaunti, na wananchi huitwa kutoa maoni juu ya bajeti. Huko tumezoea kuomba majengo na mashine mpya. Ni vizuri. Lakini safari ijayo simama, mama, uulize: je, zile tulizo nazo zina fedha za matengenezo? Fundi ana vipuri? Ana kifaa cha kupimia oksijeni? Mashine ikinunuliwa bila fundi, ni kama kununua ng'ombe wa maziwa bila kupanga nani atamlisha.

Mwisho, nikupe habari njema. Si zamani, katika wadi nyingine nilikofanya kazi, nyanya mmoja aliniita saa nane usiku. Akasema, "Mwanangu, mashine hii inanguruma kama ile ya jana, lakini mtoto hapumui kama jana." Nilibana kipimo kidoleni, nikakuta 86. Tulimhamishia mtoto kwenye mtungi wa oksijeni, naye akapanda hadi 95. Asubuhi fundi alikuja akakuta kichungi kimeziba. Alikiosha kwa maji na sabuni, akakikausha, akapima mashine, akairudisha. Mtoto alienda nyumbani baada ya siku tano.

Nyanya huyo hakusoma uhandisi. Alimtazama mjukuu wake, si mashine, na hakuogopa kusema. Nawe fanya hivyo hivyo.

Ukiwa na mtoto anayekohoa na kupumua haraka, usingoje kesho, mlete leo. Mimi ni muuguzi wenu. Tukijaliwa tutakutana tena. Kwaheri ya kuonana.