Hotuba juu ya Umeme katika Motokaa Kuukuu

Nataka kusema nanyi juu ya jambo linalowasumbua watu wengi wenye motokaa kuukuu, yaani umeme wake. Sitasema juu ya injini wala juu ya breki, ingawa hizo nazo zina maneno mengi. Injini ikianza kugonga, mwenye motokaa husikia kwa masikio yake kwamba kuna ubaya. Lakini umeme hauonekani wala hausikiki, na kwa sababu hiyo watu hununua vyombo vipya kwa kubahatisha tu.

Tuchukue mfano wa mwalimu akaaye Limuru, ambako asubuhi kuna baridi kali. Anageuza ufunguo, stata yalia mara moja, kisha kimya. Jirani zake wamwambia kwamba betri imekufa. Anunua betri mpya. Baada ya wiki tatu mambo ni yale yale, basi anunua stata. Bado. Fedha zote hizo zingalitosha karo ya mtoto, na kumbe ubaya ulikuwa katika bolti moja yenye kutu, tena bolti ambayo angaliweza kuifungua mwenyewe kwa spana. Nasema kwamba katika motokaa iliyotimiza miaka ishirini au thelathini, ubaya wa umeme kwa kawaida hauanzii katika vyombo vikubwa, bali katika maungio yake. Kwa hiyo yafaa mtu asafishe na kupima kwanza, ndipo afikirie kununua.

Sababu ni hii. Umeme hautoki tu katika betri ukaenda kwenye taa ukaishia huko. Sharti urudi betri ulikotoka. Njia ya kwenda ni waya, lakini njia ya kurudi ni chuma cha motokaa chenyewe. Upande mmoja wa betri umefungwa kwenye chuma hicho kwa waya mnene, uitwao waya wa ardhi. Na kwa kuwa injini imekalia mipira ili isitetemeshe motokaa, nayo ina waya wake wa pili unaoiunganisha na mwili. Sasa fikirini barabara zetu: wakati wa kiangazi vumbi, wakati wa masika matope, na kwa wale wakaao Mombasa au Malindi kuna hewa ya chumvi mwaka mzima. Penye bolti huingia kutu, na kutu haipitishi umeme vizuri. Taa ndogo ya ndani yaweza kuwaka bila shida, maana hutumia umeme kidogo. Lakini stata hutaka ampea 100 au 200 kwa mara moja, na hapo ndipo njia mbovu hujulikana.

Iko dalili moja ambayo watu wengi huipuuza. Waya wa ardhi wa injini ukikatika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi, na mara nyingine hupita katika kebo ya mafuta au ya choki. Mkiona kebo hiyo yapata moto au yatoa moshi wakati wa kuwasha injini, msiibadilishe kabla ya kuutazama ule waya wa ardhi.

Kipimo cha volti ni chombo kidogo, nacho chafaa kuwamo katika kila motokaa kuukuu pamoja na jeki. Motokaa ikiwa imelala usiku kucha, wekeni ncha mbili za kipimo juu ya vichwa vya betri. Betri ya volti 12 iliyojaa itaonyesha 12.6 au zaidi kidogo, ikionyesha 12.4 imepungua, ikionyesha 12.0 karibu imekwisha. Kisha wekeni ncha moja juu ya kichwa cha betri cha upande wa ardhi, na ya pili juu ya chuma kitupu cha injini, na mtu mwingine ageuze ufunguo wa stata. Kipimo kikipita nusu ya volti, njia ya kurudi ni mbovu, na hata mkinunua betri kumi hazitasaidia.

Dawa yake ni rahisi. Fungueni waya wa betri wa upande wa ardhi kwanza, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho, ili spana ikigusa chuma isitoe cheche. Ule unga mweupe au wa kijani ulioota juu ya vichwa vya betri ni kazi ya asidi. Changanyeni maji na magadi, yale yale ambayo akina mama hutia katika maharagwe, mwoshe nayo mpaka povu liishe, lakini angalieni sana yasiingie ndani ya betri. Suguweni kwa msasa mpaka risasi ing'ae, na mahali waya wa ardhi unapofungwa kwenye mwili ondoeni rangi na kutu mpaka chuma kionekane. Kazeni, kisha pakeni grisi juu yake. Betri yenye vifuniko iongezwe maji safi ya betri tu, mpaka yafunike mabamba. Asidi isiongezwe, maana iliyopungua ni maji. Na msivute sigara karibu na betri inayotiwa nguvu, kwa sababu hutoa hewa ya haidrojeni ambayo hulipuka.

Injini ikiwa yazunguka, kipimo juu ya betri chapasa kupanda kufika karibu 14. Kisipopanda, tazameni mkanda kabla ya kuilaumu altaneta. Motokaa za zamani zaidi, kabla altaneta hazijaenea katika miaka ya 1960, zina dainamo, nayo haitoi umeme wa maana injini ikienda polepole. Dainamo ya namna iliyotumika katika Morris Minor hutoa kama ampea 22 tu ikizunguka upesi. Taa mbili kubwa za wati 55 peke yake hula ampea 9. Mtu akiongeza taa za ukungu na redio yenye kelele, asishangae betri ikikauka njiani.

Kuhusu motokaa hizo za kale lazima niseme neno moja zaidi. Land Rover na Morris Minor nyingi zilizotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 zimefungwa ardhi kwa upande wa kujumlisha (+), lakini motokaa za siku hizi hufungwa kwa upande wa kutoa (−). Redio ya sasa, au kile kidude cha kutilia simu nguvu, kikifungwa katika motokaa hiyo kama kawaida, chaweza kuungua papo hapo. Fuatisheni kwa macho waya mnene unaotoka betri kwenda kwenye mwili, msome alama iliyo juu ya kichwa chake. Volkswagen nyingi za kale nazo zilikuwa na betri ya volti 6, basi msiazime nguvu katika betri ya volti 12 kuiwasha.

Betri ikiwa nzima lakini kila asubuhi imekauka, iko mahali umeme unapovuja usiku. Zimeni kila kitu, fungeni milango, ondoeni waya wa ardhi, kisha wekeni taa ndogo ya wati 5 kati ya waya huo na kichwa cha betri. Katika motokaa kuukuu isiyo na saa wala king'ora, taa hiyo isiwake hata kidogo. Ikiwaka, ondoeni fyuzi moja moja mpaka izimike, nanyi mtakuwa mmeupata upande wenye ubaya. Uvujaji wa nusu ampea waonekana mdogo, lakini betri ya ampea 50 kwa saa itakwisha kabisa kwa saa 100, na itashindwa kuzungusha stata mapema kuliko hapo. Mara nyingi mwizi ni redio au king'ora kilichofungwa baadaye na mtu mwenye haraka, aliyezisokota nyaya kwa vidole akazifunga kwa karatasi ya nailoni.

Sasa nakuja kwenye fyuzi, na hapa naomba mnisikilize sana, maana hili si la fedha tu. Fyuzi ni waya mwembamba uliowekwa ili ufe kwa ajili ya nyingine. Ikikatika, imetenda kazi yake. Lakini wako watu wanaotia msumari mahali pake, au karatasi ing'aayo ya sigara, ili wafike nyumbani. Tangu hapo hakuna kitakachokatika isipokuwa waya wenyewe, nao hupata moto mwekundu ndani ya dashibodi, au karibu na mpira wa petroli uliochakaa. Motokaa yaweza kuungua yote kwa dakika chache, na watoto wamelala kiti cha nyuma. Fyuzi bapa za siku hizi zina rangi: nyekundu ni ya ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Kutia ya kijani mahali pa nyekundu hakupishani sana na kutia msumari. Mkisikia harufu ya mpira unaoungua, simameni, zimeni injini, watoeni watu wote wakae mbali. Moshi ukiwa chini ya boneti msiifungue wazi, maana hewa itaulisha moto; na kizima-moto kiwe cha unga, si ndoo ya maji.

Juu ya platini sitasema mengi. Wenye motokaa zenye platini wazijua: nafasi yake ni kama milimita 0.4, nazo zisafishwe. Msiache ufunguo umewashwa huku injini imesimama, maana koili hupata moto bure.

Lakini wengi wenu mna Toyota au Nissan za miaka ya 1990, ambazo nazo sasa ni kuukuu, na ndani yake mna kompyuta. Msiiogope. Katika Toyota nyingi za wakati ule kiko kisanduku chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Mkiunganisha tundu za TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha mkigeuza ufunguo bila kuwasha injini, taa ya injini itakonyeza namba. Ikikonyeza mara 2, ikapumzika, ikakonyeza mara 1, hiyo ni 21, nayo yahusu kipimo cha oksijeni katika ekzosi. Hata hivyo namba haisemi kwamba kipimo kimekufa. Yasema tu kwamba habari zake hazifiki vizuri, na huenda ni waya umekatika au plagi imeingia maji. Tazameni kwanza, ndipo mwende Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado waiita Grogan, kununua kingine.

Baadhi ya kompyuta za Kijapani za miaka ile zina vitu vidogo mfano wa mikebe, viitwavyo kapasita, ambavyo vikizeeka huvuja maji yanayokula njia za shaba. Dalili yake ni injini kubadili tabia pasipo sababu, na mkifungua kisanduku cha kompyuta mwaweza kusikia harufu kama ya samaki. Kazi hiyo ni ya fundi wa redio mwenye mkono mtulivu kuliko ya fundi wa injini. Akiziwahi kapasita kabla shaba haijaliwa, kompyuta ile ile itaendelea.

Mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kuondoa waya wa betri injini ikizunguka, ili wajue kama dainamo yafanya kazi. Mkatazeni yeyote atakaye kufanya hivyo katika motokaa yenye altaneta, maana umeme hupanda ghafula ukaunguza altaneta na kompyuta pamoja. Na motokaa ikipelekwa kuchomelewa mwili kwa umeme, ondoeni kwanza nyaya zote mbili za betri na plagi ya kompyuta, na mwambieni mchomeleaji afunge waya wake wa ardhi karibu kabisa na mahali anapochomelea, wala si upande wa pili wa motokaa.