Kigoma mbili, Bunagana mbili: jina la kijiji si uraia

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, wamama wa soko na wamotari, hapa Uvira. Tunayaweka hapa sawa vile yalivyosemwa, juu wengi waliomba wayasome tena.



Nitaanza na mimi mwenyewe, kisha nitafika kwa yale yanayotuhusu sisi wote.

Mimi nilizaliwa Kigoma. Naona wengine wanacheka. Munaocheka munafikiri Kigoma ya Tanzania, ile ya meli na dagaa. Wale wa huku juu hawacheki, juu wanajua ile ninayoisema: Kigoma ya kwetu, grupema ya Kigoma, sheferi ya Bafuliiru, teritware ya Uvira. Ni Kongo kabisa, hata ziwa hulivuki kwenda kule.

Mwaka 1996 vita ilianzia huku kwetu. Mwezi wa kumi Uvira ikaanguka. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Wazazi wakavuka ziwa pamoja na watu wengine wengi, wakafika Kigoma ya Tanzania, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Bibi yangu alituhadithia mara nyingi jinsi walivyoandikishwa. Yule wa kuandika akamuuliza: «Mama, mumetoka wapi?» Bibi akajibu: «Kigoma.» Yule akasema: «Mama, siulizi mulipo, nauliza mulikotoka.» Bibi akajibu tena: «Ndiyo, baba. Tumetoka Kigoma, tumefika Kigoma.» Ilibidi mtu wa pembeni aeleze. Wakacheka wote, wakaandika «Uvira», maneno yakaisha. Bibi alikuwa anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza kucheka toka siku ya kukimbia.

Mdogo wangu akazaliwa kule Nyarugusu. Nyarugusu iko katika mkoa wa Kigoma. Tuliporudi kwa meli mpaka Baraka, tulikuwa watoto wawili wa baba mmoja na mama mmoja, wote wawili wa Kigoma. Kigoma mbili.

Miaka ikapita. Siku moja nikaenda kwenye ofisi moja kutafuta karatasi. Ofisi siitaji, juu sikuja hapa kushitaki mtu. Nikaandika mahali pa kuzaliwa: Kigoma. Yule bwana akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akasema: «Wewe ni Mtanzania, unatafuta nini hapa?» Nikaeleza. Akasema nilete barua ya chifu. Nikapanda kule juu, nikaleta barua. Akasema nilete mashahidi wawili. Nikaleta. Akasema muhuri hausomeki. Safari tatu, nauli ya moto mara tatu, na kila mara kitu kidogo cha «kusaidia dosie itembee». Mdogo wangu aliposikia akaniambia: «Kaka, kama wewe wa Kigoma ya hapa wanakusumbua hivyo, mimi wa Kigoma ya ng'ambo niende kufanya nini?» Akaacha. Mpaka leo hana karatasi hata moja ya inchi yake.

Ndiyo sababu nilipoombwa kusema kitu leo, nikaona niseme juu ya majina.

Hii hadithi si yangu peke yangu. Mipaka ya huku haikuchorwa na babu zetu. Mwaka 1910, kule Bruxelles, Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikaa mezani wakapatana: Kivu ikatwe hapa, mto Ruzizi uwe mupaka hapa, kule kwenye volkano ya Sabinyo tukutane sote watatu. Waliokuwa wanalima bonde la Ruzizi siku hiyo walilala watu wa bonde moja, wakaamka wengine wa Wabelgiji, wengine wa Wajerumani. Mto wenyewe tumebaki nao sote: sisi tunaandika Ruzizi, Warundi na Wanyarwanda wanaandika Rusizi. Maji ni yale yale.

Na mahali pengine mstari ulipita katikati ya jina. Angalieni Bunagana. Kuna Bunagana ya Kongo, teritware ya Rutshuru, na Bunagana ya Uganda, wilaya ya Kisoro. Unatoka Bunagana kwa miguu, unaingia Bunagana. Kuna Ishasha ya Kongo na Ishasha ya Uganda. Kenya na Uganda wana Busia mbili. Kenya na Tanzania wana Namanga mbili. Tanzania na Uganda wana Mutukula mbili. Kenya na Ethiopia wana Moyale mbili. Hapa ushoroba si hivyo: sisi tuna Kavimvira, wao wana Gatumba, kila upande na jina lake. Lakini watu ni wale wale. Mama anauza huku asubuhi, anazika shangazi kule mchana.

Na tusisahau jambo kubwa zaidi. Mwaka 1960 inchi yetu na inchi jirani ya ng'ambo ya mto Kongo zilipata uhuru, sisi mwezi wa sita, wao mwezi wa nane. Zote mbili zikaitwa Jamhuri ya Kongo. Dunia ilifanya nini? Iliongeza jina la mji: Kongo-Léopoldville, Kongo-Brazzaville. Basi. Hakuna aliyemwambia mtu wa Léopoldville kwamba yeye si mtu wa kwao juu kuna Kongo nyingine. Kama inchi nzima iliweza kupambanuliwa kwa neno moja, kwa nini kijana wa Kigoma apande mlima mara tatu?

Wandugu, jina moja pande mbili linaleta hatari tatu. Naomba muzishike.

Hatari ya kwanza ni habari. Tarehe 13 Juni 2022, M23 walichukua Bunagana. Siku hiyo hiyo simu zetu zilijaa: «Bunagana imeanguka», na nyuma yake: «Watu wamekimbilia Bunagana.» Mtu aliyekaa mbali atasema huyu aliyeandika ni mlevi. Lakini yote mawili yalikuwa kweli: Bunagana ya huku ilianguka, watu wakavuka kwenda Bunagana ya kule, na kutoka pale wengi wakaendelea hadi Nyakabande. Mwenye ndugu pale alitakiwa kujua ni ipi. Huku kwetu ni hivyo hivyo. Unasoma «mapigano Kigoma», mwenye watu Tanzania anaanza kulia, na mwenye watu huku juu anasema hayanihusu, ni mbali. Ujumbe mfupi usiotaja upande unaweza kukuliza bure, na unaweza kukulaza usingizi siku ambayo ungepaswa kuhamisha watoto.

Hatari ya pili ni karatasi. Hiyo nimeisema. Kuna watu wanafikiri mahali pa kuzaliwa ndipo uraia. Hapana. Sheria ya uraia wa Kongo, nambari 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004, inasema wazi: mtoto ambaye baba yake au mama yake ni Mkongomani, naye ni Mkongomani toka kuzaliwa. Baba au mama. Haisemi azaliwe wapi. Mdogo wangu angezaliwa Nyarugusu, Bujumbura au Nairobi, ni Mkongomani. Na siyo yeye peke yake. Vita vya 1996, vya 1998 na vyote vilivyofuata vimezalisha watoto wetu wengi ng'ambo. Mwezi wa pili mwaka 2025, Bukavu ilipoanguka, tuliona watu wakivuka Ruzizi na watoto kichwani, kuelekea Rugombo. Wamama wengine walivuka na mimba. Watoto waliozaliwa kule wataandikiwa jina la mji wa Burundi. Wakirudi tuwaambie nini? Kwamba ni Warundi? Mama yao hakwenda kutalii.

Hatari ya tatu ndiyo inanipa woga zaidi, na najua hapa ndani hatufikiri sote sawa. Ni pale jina linapogeuzwa silaha. Inakuja kwa njia mbili. Wa kwanza anasema: «Jina lile liko kwetu na kwenu, kwa hiyo udongo wenu ni wetu.» Wa pili anasema: «Jina lako liko kule, kwa hiyo wewe ni wa kule, ondoka.» Wanapigana hao wawili, lakini hesabu yao ni moja.

Wa kwanza tumjibu hivi: mwaka 1964, kule Cairo, inchi za Afrika zilikubaliana kuheshimu mipaka kama ilivyokutwa siku ya uhuru. Si kwa sababu ilikuwa mizuri, ni juu ukianza kuivuta, hutajua pa kusimama. Jina si hati ya shamba. Kigoma mbili hazimpi Mtanzania haki ya kuja kulima Kigoma yetu, wala hazitupi sisi bandari yao.

Wa pili tumjibu pia, na hapo inauma. Katika teritware yetu ya Uvira kuna kijiji Mulenge. Munajua jina lile limebishaniwa miaka mingapi, na damu kiasi gani imemwagika juu ya nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Sitamaliza mabishano yale leo. Nataka tu tukumbuke tarehe 13 Agosti 2004, pale Gatumba, karibu hivi kwamba ukisimama Kavimvira ni sawa umefika. Wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa usiku katika kambi, wengi wao Banyamulenge, wamama na watoto. Walikuwa ng'ambo, lakini walikuwa wametoka huku kwetu. Na tukumbuke vilevile Makobola mwishoni mwa 1998, na Mutarule mwaka 2014, ambako watu wengine wa kwetu waliuawa. Sitaji hizi ili tupime nani alilia zaidi. Nazitaja juu kila mara, kabla ya panga na bunduki, kulikuwa na neno: «Wale si wa hapa.» Mimi neno hilo niliambiwa kwenye meza ya ofisi, nikatoka na hasira tu. Wengine waliambiwa usiku.

Sasa tufanye nini? Kulia tumelia. Nina mambo manne.

Moja. Kuanzia leo, katika makundi yetu yote ya simu, hakuna kutuma jina tupu. Ukiandika Kigoma, andika Kigoma ya Bafuliiru au Kigoma ya Tanzania. Ukiandika Bunagana, andika ya Rutshuru au ya Kisoro. Kama hujui ni ipi, uliza kwanza, usitume.

Mbili. Unapojaza karatasi yoyote, usiishie kwenye jina la kijiji. Andika kijiji, grupema, sheferi, teritware, jimbo. Na mtoto aliyezaliwa ng'ambo, karatasi yake ya kule muitunze, hata ikiwa imechanika. Haimnyang'anyi Ukongomani. Inaonyesha alizaliwa lini na wazazi wake ni nani, na wazazi ndio sheria inawatazama.

Tatu. Tunaomba wakubwa wa mji na wa teritware wakumbushe maofisi yote kwa maandishi kwamba mahali pa kuzaliwa si uraia, na kwamba kuomba barua ya tatu kwa mtu aliyekwisha kuleta mbili si kazi, ni kibarua cha mfukoni. Sisi tutakusanya visa kama vya kwangu. Hatutaandika jina la afande wala la karani. Tutaandika siku, karatasi iliyoombwa, na pesa iliyotoka. Visa vikiwa vingi, tutavipeleka mbele yao tukiwa wengi, mchana, bila jiwe mkononi.

Ine. Mupaka wa Kavimvira na Gatumba. Burundi iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki toka 2007, na sisi tuliingia 2022. Busia mbili za Kenya na Uganda zina kituo kimoja cha kuvukia, kilichofunguliwa rasmi 2018, ambapo mtu anapita ukaguzi wa inchi zote mbili mahali pamoja. Sisemi tujengewe jumba kesho. Naomba kitu cha bei ya kopo moja la rangi: bei ya jetoni na ya kila kodi iandikwe ukutani, kwa Kiswahili, na kila franka inayotoka mkononi mwa mama wa ndizi ipate risiti. Kama bei haiko ukutani, mama ataiamini vipi?

Wandugu, mdogo wangu yuko hapa leo, amekaa kule nyuma. Hataki nimwonyeshe kwa kidole. Jumatatu nitarudi naye kwenye ile ofisi, mimi wa Kigoma na yeye wa Kigoma, na nakala ya sheria mfukoni. Nani anatusindikiza? Hatuhitaji wengi. Watano wanatosha, wenye subira, maana tutakaa kwenye benchi.

Walio tayari wabaki tuandike majina. Na muandike vizuri, kijiji mpaka jimbo.