Mtumbwi wa michoro 120

Maneno ya mtumishi wetu wa mashinani mbele ya mkutano wa wanachama, Obokote



Tulipoleta kwa wazazi wazo la kufundisha vijana kuchora katuni, yaani picha zinazotembea, mama mmoja aliniuliza: "Mutoto yangu, tulirudia hapa bila hata sufuria. Kuchora njo kutatulisha?" Swali lake ni la haki. Leo ninalijibu.

Kwanza kazi yenyewe. Katika filamu, picha 24 zinapita mbele ya macho kila sekunde. Mara nyingi mchoro mmoja unatumika kwa picha mbili, basi sekunde moja inaomba michoro 12. Sekunde 10 ni michoro 120.

Tulijaribu na vijana sita. Tulikuwa na kioo cha dirisha juu ya mbao mbili, taa ya sola chini yake, makaratasi, kreyo, na telefone moja iliyofungwa kwa kijiti isitikisike. Walichagua kuonyesha mtu anayevuka mto kwa mtumbwi. Siku ya kwanza kila mmoja alichora vyake, na mtumbwi ukaruka kama panzi. Tulicheka sana, kisha wakaanza upya. Mmoja alipima, mwingine alichora maji, mwingine mtu, na dada mmoja akaandika namba kwa kila karatasi. Siku ya nane mtumbwi ulivuka.

Mama, hayo ndiyo wanayojifunza: kupima, kuhesabu, kupanga kazi, kusahihisha bila hasira, kumaliza kwa tarehe. Mwenye kujua hivyo anaweza kuandika vibao vya maduka, kuchora picha za kufundishia shuleni au za afya kwa wasiojua kusoma, au kusaidia kwa uchapaji. Sisemi kwamba wote sita wataishi kwa katuni. Kusema hivyo ni kuwadanganya.

Lakini wako Wakongo walioifanya kazi hii. Jean-Michel Kibushi, mtoto wa Sankuru, jirani zetu, alianzisha studio yake, Malembe Maa, mwaka 1988. "Malembe" kwa Lingala ni polepole. Mwaka 1991 alitoa filamu ya katuni kutokana na hadithi ya chura aliyekwenda kwa wakwe. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo askari waliiba na kuharibu mali mjini Kinshasa. Yeye alichukua michoro ya watoto walioyaona mambo hayo, akaifanya filamu. Na Tanzania, tangu 2014, Ubongo Kids inafundisha watoto hesabu na sayansi kwa katuni za Kiswahili. Nyuma ya kila katuni kuna wachoraji, waandishi, wenye sauti, wapiga muziki na mafundi wa kompyuta.

Sasa nina maombi mawili kwa wafadhili.

La kwanza: mutusaidie kulipa muda. Miaka iliyopita, mimi mwenyewe niligawa cherehani kwa waliorudi, tukapiga picha, tukafunga ripoti. Mafunzo yalikuwa ya wiki mbili tu. Njaa ilipofika, cherehani nyingi ziliuzwa, na siwalaumu waliouza. Hawakuwa wamefika pa kushona nguo ya kuuza. Nisirudie kosa lile na kompyuta. Mwalimu wa miezi tisa na chakula cha saa sita vina faida kuliko mashine kumi bila mwalimu. Mashine tutaziomba baadaye.

La pili: kijana mmoja hakuchora mtumbwi. Alichora nyumba yao inaungua, na watu wanaingia porini. Najua picha ile ingegusa mioyo kwenye ripoti. Nilimuuliza, akasema: "Hii ni yangu, nitaimaliza siku ingine." Nilimrudishia. Tunaomba michoro ya namna hiyo ibaki mikononi mwa wenyewe mpaka watakapotaka kuionyesha.

Na ninyi wazazi, ninaomba jambo moja: mutoto akienda kwa mafunzo, musimwambie anaenda kucheza. Mukuje mutazame. Mtumbwi wetu unavuka kwa sekunde 10 tu, lakini mutahesabu makaratasi wenyewe.