Jirani wa Mpakani
Tunduma ni mji usiolala. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni, na ng'ambo, hatua chache tu, ni Nakonde. Mwaka 2019 kilizinduliwa Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, ili mizigo ipite upesi. Je, mioyo nayo imefunguliwa? Wanyamwanga huishi pande zote mbili. Mpaka uliochorwa na wakoloni haukukata udugu wao. Sisi tulioletwa na biashara twajua bei ya kila kitu, tusijue jina la mpangaji wa chumba cha pili. Dereva mgeni akiugua ndani ya lori lake, nani atamgongea mlango? Jioni ya leo, tembea mtaani kwako pasipo kununua wala kuuza. Mjulie hali mtu mmoja, ungoje jibu lake. Mungu atujalie macho ya kumwona jirani. Amina.