Kelele si Fimbo
(Mazungumzo ya mama mkaushaji dagaa mbele ya wahitimu wa kisomo, Mwamgongo)



Mimi ni mkaushaji wa dagaa hapa mwaloni. Wengi wenu mnasema kuwa mimi ni mama mpole. Leo nataka kuwaambieni kwamba ule haukuwa upole. Ulikuwa woga.

Mume wangu wa kwanza alikuwa akinipiga. Nikijibu, fimbo. Nikiuliza habari ya fedha, fimbo. Nikajifunza kunyamaza, na kunyamaza kuliniokoa. Lakini tulipoachana, ule woga nilihama nao. Mtu akipaza sauti tu, hata kama anaita mbuzi wake, mikono yangu ilitetemeka.

Woga huo ulinilia fedha. Wakati wa giza, vyombo vikirudi asubuhi, sisi akina mama hununua dagaa wabichi kwa ndoo. Bwana mmoja mwenye chombo alikuwa na ndoo yake, ameigonga kitako mpaka kimeingia ndani. Kila ndoo ilipungua. Sote tuliona. Mimi nililipa, tena nikashukuru!

Basi, kisomo kikanisaidia. Usiku mmoja nilichukua daftari nikaandika mistari mitatu: "Ndoo hii ni ndogo. Tupime kwa ndoo ya kikundi. Silipi mpaka tupime." Nikamsomea jirani yangu. Asubuhi jirani akasimama karibu nami. Nikayasema yote matatu. Sauti ilitetemeka, magoti yalitetemeka. Yule bwana akafoka, akatupa kofia chini. Nikangoja fimbo. Haikuja. Alipochoka kufoka, tukapima. Zilipungua bakuli mbili. Akajaza.

Siku ile ndipo nilipojua kuwa kelele si fimbo. Watu wanaweza kubishana asubuhi, na jioni wakasalimiana. Yule bwana tunafanya naye biashara mpaka leo.

Lakini nisikilizeni vizuri. Sisemi mtu akasimame mbele ya mwenye fimbo. Kama nyumbani kuna kipigo, usibishane peke yako usiku. Ondoka. Mwambie mtu unayemwamini, mwende pamoja kwa mwenyekiti wa kitongoji, au polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Hata kama ni kupanda boti mpaka Kigoma, nenda.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mke wake au mume wake ati anamwadhibu. Nilipokuwa nikipigwa, sheria hiyo ilikuwapo. Mimi sikujua kusoma, na hakuna aliyenisomea.

Sasa nimewasomea ninyi. Mwenye neno ambalo hawezi kulisema hapa mbele ya watu, vichanja vyangu anavijua vilipo. Aje tukageuze dagaa pamoja, atasema taratibu.